Mkono wa Kaka kwenye Mita Arobaini

Siku kaka yangu alipoondolewa sauti hospitalini Mombasa, mimi nilikuwa hapa Shirere nikichagua maharagwe. Wifi yangu, mke wake, alinipigia simu akasema upasuaji umekwenda vizuri, uvimbe wa kooni umetolewa, na kisanduku cha sauti kimetolewa pamoja nao. Alilirudia neno vizuri mara nyingi sana. Nikamwambia alhamdulillahi, nikakata simu, nikarudi kwa maharagwe yangu. Nilikuwa nimeyaosha na kuyabandika jikoni ndipo ikaniingia kwamba yule mtu aliyekuwa akiniita tangu barabarani kabla hajafika langoni, kwa sauti ya kuamsha mtaa, hataniita tena.

Nikaanza kumkosa akiwa hai. Msiba una taratibu zake, watu wanakuja, chai inapikwa, unalia na kufarijiwa. Mimi nilikuwa na ndugu mzima anayekula uji Mombasa, na kila aliyenijulia hali aliniambia nishukuru. Nilishukuru mpaka nikachoka.

Utaniambia simu zipo. Zipo, tena tulipigiana za video kila Ijumaa. Wifi alishika simu, kaka akaketi na ubao mdogo mweupe magotini, akaandika maneno mawili matatu, akaugeuza nisome. Akicheka, mabega yalipanda na kushuka na hakuna kilichosikika. Jumbe za maandishi nazo ziliandikwa na wifi kwa niaba yake, maana yeye kioo cha simu hakikubaliani na vidole vyake tangu zamani. Nilizijua mara moja kuwa si zake. Kaka yangu hajawahi kusema tafadhali maishani mwake, na sasa kila ujumbe ulikuja na tafadhali na picha ya waridi.

Lazima nieleze habari ya mkono, bila hivyo yote nitakayosema yataonekana ya bibi aliyechanganyikiwa. Baba yetu alikuwa karani wa stesheni kule Butere, mwisho wa reli. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupeleka na kupokea habari za treni kwa waya, kwa milio ya Morse: mlio mfupi ni nukta, mlio mrefu ni deshi, na kila herufi ina mpangilio wake. Alitufundisha sisi wawili nyumbani Matungu kwa kugonga meza kwa kijiko. Mama hakutaka kabisa kugongwagongwa wakati wa chakula, alisema tabia hiyo haina baraka, kwa hiyo tukahamia chini ya meza. Kaka aligonga gotini mwangu kwa kidole: baba amekasirika, usiseme kitu. Au: hiyo minofu ya kuku, niachie. Sikumwachia hata siku moja.

Sasa, mtu aliyezoea kazi hii hasikii herufi peke yake. Anakusikia wewe. Kila anayegonga kwa mkono wake ana mwendo wake, jinsi kila mtu anavyotembea kivyake, na waendeshaji wa redio husema wazi kwamba wanamjua fulani kwa mkono, kabla hajajitaja. Baba mkono wake ulikuwa mkavu, herufi zimesimama wima. Kaka alikimbiza nukta kama anayekimbia mvua, halafu deshi ya mwisho ya neno akaivuta, akaiegemea, mpaka unataka kumwambia haya basi, iachie. Alikwenda Mombasa akafanya kazi ya kuongea na meli kwa redio hadi alipostaafu, na mwendo ule haukumtoka. Ningeutambua hata kama ningeamshwa usingizini.

Yeye ndiye aliyenisukuma nifanye mtihani wa kibali cha redio ya ridhaa, hii redio ya watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu wa sayansikimu hapa Kakamega. Nilifanya mtihani kwa ubishi, kwa sababu alisema sitapita. Nikapita. Lakini redio yenyewe sikuwa nayo, na kwa kuwa sauti yake ilikuwepo kwenye simu, sikuona haraka.

Baada ya upasuaji, kifurushi kikaja kwa basi. Ndani yake kulikuwa na redio ambayo haijawa redio bado: bodi tupu ya kijani isiyozidi kiganja, mifuko ya vidude vidogo kama mbegu za mchicha, waya wa shaba, na karatasi za maelekezo zenye herufi za kumtesa mtu wa umri wangu. Ijumaa hiyo kaka akaugeuza ubao wake. Ameandika: UNGA. TUTAONGEA.

Nikafurahi, na hofu ikaja papo hapo. Daktari alikuwa amewaambia kwamba baada ya kupona kidonda ataanzishiwa dawa kali za kumaliza mabaki ya ugonjwa, na kwamba dawa hizo huwafanya wengine wafe ganzi vidoleni. Wapo ambao hisia hurudi, wapo ambao hairudi. Dawa zilikuwa zianze baada ya Idi. Basi jambo langu likawa moja tu, na sikumficha mtu. Sauti ya kaka ilikwisha kwenda. Nilitaka niusikie mkono wake kabla dawa hazijaufikia.

Nikakunja kitambaa cha meza ya kulia, kile nilichokifuma mwenyewe, nikaweka ubao wa kukatia mboga, chuma cha kulehemu na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Kazi niliifanya asubuhi, kwa sababu alasiri ya Kakamega mnaijua. Wingu likishakaa upande wa Nandi ngurumo zinaanza, stima inakatika, chuma kinapoa mkononi. Nilidondosha kapasita moja, ndogo kuliko punje ya mtama, nikafagia nyumba nzima kwa magoti huku nikiongea peke yangu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikaikuta imeng'ang'ania soksi yangu.

Antena nayo ilinipatia umaarufu nisioutaka. Ni waya mrefu tu, nilioufunga kutoka nguzo ya mkalitusi kwenye kona ya ua hadi kwenye mparachichi, ukipita juu ya paa. Mwanafunzi mmoja wa zile nyumba za kupanga nyuma yangu akachungulia juu ya ukuta.

"Mathe, hiyo ni WiFi ama?"

"Ni ya kuanika nguo za malaika," nikamwambia. Akacheka, akaenda zake.

Jirani wa mbele, mama muuza nguo sokoni, hakucheka. Alisimama langoni mwangu mikono kiunoni.

"Mwalimu, hii waya yako si inaitanga radi? Mimi niko na watoto."

Nikamweleza kwamba ngurumo ya kwanza ikisikika nauchomoa waya ule kutoka kwenye redio na kuutupa nje ardhini, kila siku, bila kukosa. Akasema sawa, lakini siku ile ya kwanza ya mvua nilimwona dirishani akinilinda nifanye nilivyosema. Nikafanya.

Redio ikaisha. Nikaunganisha betri, nikavaa hedifoni, nikawasha. Kimya. Hata ule mvumo ambao redio yoyote huutoa, kama maji yanayochemka mbali, haukuwepo. Nikakagua umeme kwa mita kila mahali maelekezo yaliposema, na umeme ulikuwepo. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa redio. Niliitazama ile bodi nikatamani kuitupa chooni.

Siku mbili tatu sikuigusa. Nilipika, nikafua, nikagombana na muuza maziwa kwa sababu ya maji aliyotia. Kisha nikarudi mezani na miwani yangu mbili, nikaanza kutazama kila mahali nilipolehemu. Kwenye bodi ile kuna vipete vidogo vyekundu, na kila kipete kinazungushiwa waya wa shaba kupitia tundu lake, kisha ncha za waya zinalehemiwa. Waya huo umepakwa ngozi nyembamba ya vanishi usiyoiona vizuri kwa macho, na umeme haupiti kwenye vanishi. Mimi nilikuwa nimezikwangua ncha, lakini nimezikwangua kama mtu anayemenya kiazi kwa pupa: upande mmoja tu. Risasi ya kulehemia ilikuwa inang'aa nzuri juu ya ncha ambayo ndani yake bado imevaa nguo.

Nikazichomoa moja moja, nikazikwangua kwa wembe mpaka shaba ikabaki uchi, nikazilehemu upya. Nikawasha. Mvumo ukaja. Nilikaa pale nikiusikiliza ule mvumo mtupu nikitabasamu peke yangu.

Lakini ulikuwa mvumo wa kiziwi. Nilizungusha kitufe cha masafa huku na huku, asubuhi na jioni, nikasikia kwa mbali sana mtu mmoja akigonga, akapotea. Nilipojaribu kurusha, mita ya nguvu ilinyanyua mshale kidogo tu, ukarudi kulala. Redio iliyopaswa kufika Mombasa isingefika Shianda. Na Idi ilikuwa imepita.

Wifi akaniambia dawa zimeanza. Nikamwuliza vidole vikoje. Akasema analalamika kidogo, vinamwashawasha. Juma lililofuata akasema sasa yeye ndiye anayemfunga vifungo vya kanzu siku ya Ijumaa. Alisema hivyo kwa upole, kama jambo la mapenzi tu. Mimi nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye sukuma wiki zangu, mpaka moyo uliponitulia.

Ijumaa hiyo kaka alinitaka nimwonyeshe bodi. Nikaisogeza kwenye kamera ya simu. Akaitazama muda mrefu, akanyoosha kidole kwenye vile vipete vyekundu, akaandika: HESABU MIZUNGUKO.

Nikamwambia nimehesabu. Akapigia mstari neno hesabu. Nikahesabu mbele yake kwa sauti, nikafika idadi ya maelekezo, nikamwangalia. Akatikisa kichwa. Akasogea karibu na simu, akawa anahesabu kwa kidole hewani, midomo ikicheza bila sauti. Akaandika idadi yake. Ilizidi yangu kwa mmoja.

"Wewe macho yamekwisha," nikamwambia.

Akaandika: WEWE HUHESABU WA KWANZA.

Nikakasirika, maana nimefuma vitambaa tangu nikiwa msichana, nimefundisha wasichana wa miaka na miaka kufuma, na leo nafundishwa kuhesabu na mwanamume ambaye hawezi kushona kifungo. Kwenye kufuma, kile kitanzi cha kwanza unachokifunga kwenye sindano hakihesabiwi. Ni cha kuanzia tu. Kila mwanafunzi wangu aliyekihesabu kitambaa chake kilikwenda upande, na nilimwamuru afumue. Nilikuwa katikati ya kumweleza haya, kidole juu, ndipo nikajisikia ninachosema.

Kwenye kipete, kila waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko, na wa kwanza ni mzunguko kama wenzake. Mimi niliuacha. Si kwenye kipete kimoja, kwenye vyote. Kila koili ya redio ile, yaani kila kipete na waya wake, ilikuwa na mzunguko mmoja wa ziada, milango yote ya kuingilia na kutokea imebanwa, ndiyo maana haikusikia wala kusema.

Kaka alikuwa anacheka. Mabega yanapanda, yanashuka, machozi yanamtoka. Akafuta ubao, akaandika: KITAMBAA KIZURI LAKINI. Wifi naye nyuma ya simu alicheka mpaka picha ikatikisika. Nikawaambia wote wawili hawana adabu. Nilitamani sana nimsikie akicheka.

Nikafumua kila koili mzunguko mmoja. Kesho yake asubuhi nilipowasha, mita arobaini, ule ukanda wa masafa redio yangu inakoongelea, ilikuwa imejaa watu. Mmoja alikuwa Uhabeshi, mwingine akisema yuko kwenye shamba karibu na Gulu, mwingine sikumwelewa. Nikarusha, na mshale wa mita ukanyanyuka ukasimama.

Ikabaki kitu kimoja, nacho nilikitaka mimi. Redio ile ilikuja na mashine ndani yake ya kugongea. Unagusa bapa la kushoto, inatoa nukta zenyewe. Unagusa la kulia, inatoa deshi zenyewe, zote zimepimwa sawa. Ni rahisi, haichoshi, na inafanya watu wote duniani wafanane. Kaka naye alikuwa na ya namna hiyo kwenye redio yake. Akaandika kwenye ubao kwamba tuitumie, itatuwia nepesi sisi wazee.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kama ni mashine, basi wifi aendelee tu kuniandikia ujumbe na maua. "Mimi nataka mkono wako."

Alinitazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa kukubali.

Basi nikaipita ile mashine. Nilikata njia moja ya shaba kwenye bodi kwa wembe, nikalehemu kipande cha waya kutoka upande wa pili hadi kwenye tundu la kuchomekea, na nikajitengenezea kigongeo, yaani chuma cha kubonyeza kwa mkono, kwa kipande cha msumeno wa chuma, skrubu mbili na kishikio cha droo ya kabati langu. Droo ile mpaka leo naifungua kwa kisu. Nilibonyeza, mlio ukatoka mrefu kadiri nilivyotaka mimi. Nilijisikia msichana.

Kaka alilazwa tena siku chache, damu ilishuka. Aliporudi nyumbani, wifi akasema hana nguvu za kupanga saa, ila amemwomba amsogezee redio kitandani, na asubuhi yoyote atakayoamka vizuri atajaribu. Tukapatana masafa, na wakati: baada ya chai, kabla mawingu ya huku hayajaanza vurugu zake hewani.

Nikawa nakaa pale kila asubuhi. Naweka chai pembeni inapoa. Mlango nimeufunga, na wanafunzi wa nyuma nimewaambia muziki waanze baada ya saa nne, la sivyo nitawafuata huko huko chumbani. Walinitii. Nilijifunza kelele zote za mahali pale hewani: mlio wa chaja mbovu ya mtu fulani mtaani, mkwaruzo wa radi ya mbali, mtu wa Gulu akipita kutafuta wenzake. Na katikati yake nilikuwa namsikiliza kaka. Nukta za kukimbia mvua, deshi ya mwisho ya kuegemea. Nilizisikia kichwani hata nilipokuwa naosha vyombo. Mara mbili nilidhani ni yeye, kumbe si yeye, nikabaki nimeduwaa na kalamu mkononi. Sijawahi kumngoja mtu hivyo, hata marehemu mume wangu wakati wa uchumba.

Asubuhi moja alitokea mtu mwingine papo hapo kwenye masafa yetu. Mgeni kabisa kwenye kazi, nikaona. Anabonyeza, anaacha, anabonyeza tena. Nukta zake zilikuwa ndefu kama deshi na deshi zimekatika katikati. Herufi za kibali chake, zile za kujitaja hewani, zilikuja zimevunjika, nikapata moja, nyingine mbili zikapotea. Anaanza neno, analiacha, analianza upya. Nikavumilia. Nikajiambia ni mwanagenzi, labda kijana wa Uganda au Tanzania, kila mtu alianza hivyo, atachoka aondoke. Hakuondoka. Aliendelea kupapasa pale pale, na mimi nikaona asubuhi yangu inakwenda, na pengine kaka ameamka vizuri leo, ameegemezwa mito, anasikiliza, anakuta kuna mtu amekaa mahali petu.

Uvumilivu ukaniisha. Nikashika kigongeo, nikagonga kwa kasi, ule mkono wa mwalimu anayemwondoa mtoto kwenye dawati la mwenzake: TAFADHALI SOGEA MASAFA MENGINE. HAPA NAMNGOJA KAKA YANGU.

Akanyamaza. Nikasema moyoni afadhali.

Mvumo ulikaa peke yake kwa muda. Halafu akarudi. Polepole, kila mlio akiutafuta, akiusukuma, nikasikia deshi, nukta. Hiyo ni N. Akapumzika. Nukta mbili. Kalamu yangu iliandika bila mimi. Deshi, deshi, na ya pili ilitikisika kama kidole kilichoteleza kikarudishwa. Nukta, na baada ya muda mrefu, nukta. Kisha herufi hizo mbili tena, vile vile.

NI MIMI.

Nilikaa na hedifoni masikioni nikitazama yale maneno mawili kwenye karatasi. Niliyesikiliza asubuhi zote zile, niliyejisifu kwamba ningemjua hata usingizini, nilikuwa nimemfukuza. Nililia, kilio kile cha mdomo wazi kisicho na heshima, mpaka jirani wa mbele akapiga hodi langoni na sikumwitikia.

Yeye alikuwa ananingoja. Nikafuta uso kwa leso, nikashika kigongeo, nikagonga polepole kama anavyogonga yeye, ili asihisi anakimbizwa. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia mkono asiuchoshe, atumie ile mashine, mimi sijali tena, nitamsikia tu.

Jibu lake lilichukua muda mrefu sana. Nje mwanafunzi mmoja alikuwa anachota maji, ndoo ikajaa, akaondoka, na kaka alikuwa bado kwenye neno la pili. Alikosea, akarudia. Alikosea tena. Sikumsaidia kumalizia herufi hata moja, nilingoja kila mlio mpaka ukafika wenyewe.

HAPANA. ULITAKA MKONO. NDIO HUU.

Nikamjibu nimeupokea. Halafu nikamwuliza ameamkaje.